Nukta Iliyopanda Ghorofa

Kabla ya safari hii nilikuwa nimepima vitu vilivyolala tu. Tangu nimalize masomo katika Taasisi ya Upimaji na Ramani ya Kenya, pale Ruaraka, kazi yangu ilikuwa mashamba na viwanja vya Kiambu na Machakos: ploti za futi hamsini kwa mia, bikoni zilizong'olewa na trekta, ndugu wawili wasiosemezana kwa sababu ya mwembe ulioota mpakani. Nilikuwa hodari wa kufukua bikoni iliyozikwa. Jengo refu lilikuwa kitu cha kupita chini yake nikielekea stendi.

Basi mzee ninayefanya kazi chini yake aliponipigia simu jioni moja, sikumwelewa mara moja.

"Binti, tafuta helmeti na koti la baridi. Twaenda Embu, kisha Meru. Kuna kontro za kupandisha. Na hiyo setilaiti yako iache nyumbani."

Setilaiti ni jina alilokipa kipokezi changu cha GPS. Hakichukii, mashambani anakitumia mwenyewe. Kikiwa chini ya anga wazi hukuonyesha ulipo kwa tofauti ya sentimita moja au mbili, na kwa shamba la kahawa hiyo ni neema. Kwa nguzo ya ghorofa ya sita ni balaa. Tena ukiwa katikati ya jengo, slabu ikiwa juu ya kichwa chako, anga lenyewe hulioni.

Tuliondoka Nairobi kwa pikapu yake kabla ya mapambazuko, vyombo vikiwa vimefungwa kwa blanketi nyuma ya viti. Makutano tuliiacha barabara ya Nyeri tukashika ya Embu, na tulipofika Mwea jua likawa linatoka juu ya mpunga. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nilitarajia mzee asifie mchele wa pishori kama kila apitaye hapo, naye akaanza kusifia mifereji. Skimu hii ilianza miaka ya 1950, ikachimbwa kwa mikono ya wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, na maji ya mito Thiba na Nyamindi huingia majarubani kwa uzito wake tu. "Hapa hakuna mashine ya kusukuma," alisema. "Ni vimo. Aliyepima akikosea kidogo, huyu anapata maji, jirani yake anapata matope." Kisha akaniuliza kama najua tofauti ya kupima kimo na kupima wima. Nikajibu kwamba najua. Akanyamaza mpaka Embu, na ukimya huo ukanifanya nianze kushuku jibu langu.

Embu ni mji wa mteremko. Umekaa kati ya mito Rupingazi na Kapingazi, kwenye mwinuko wa mita 1,350 hivi, na majengo yake mengi yana tabia ya kukuingiza kwa mlango wa barabarani ukidhani uko chini kabisa, kumbe chini yako kuna ghorofa nyingine inayofunguka upande wa bondeni. Jengo letu lilikuwa hivyo. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, amejenga pole pole kwa miaka, ghorofa baada ya ghorofa, na sasa alikuwa amefikia ya nne. Alitupokea kwa chai na mandazi hata kabla hatujashusha vyombo, akamwita mzee "Guka", yaani babu, ingawa wanaelekea kuwa rika moja, na mimi akaniita "mwalimu". Nadhani kwake kila aliyeshika kalamu na daftari ni mwalimu.

Hapa nieleze kazi yenyewe, maana hata mimi nilipofika nilikuwa nayo nusunusu. Jengo likianza, mpimaji huweka chini alama chache za kudumu: msumari uliosimikwa katika zege, au kibamba cha shaba chenye tundu dogo katikati. Hizo ndizo kontro. Umbali kati yao unajulikana, pembe zao zinajulikana, na kila nguzo hupimwa kutoka kwazo. Mpaka hapo hakuna shida. Shida huanza siku slabu ya kwanza inapomwagwa. Kontro zinabaki chini, zimefunikwa, na fundi aliye juu anasimama kwenye uwanja mtupu wa zege wenye vyuma vilivyochomoza. Anataka kujua mstari wa nguzo unapita wapi, lakini hakuna kitu cha kumwambia isipokuwa nguzo zilizo chini yake, ambazo nazo ziliwekwa na fundi.

Wengi huzifuata nguzo hizo. Fundi anashusha timazi ukingoni mwa slabu, anatazama nguzo ya chini, anaipanga ya juu iwe sawa nayo, na kazi inaendelea. Kwa nyumba ya ghorofa mbili sina ugomvi naye. Lakini tuseme ni fundi hodari anayekosea milimita 3 tu kila ghorofa. Makosa yakienda huku na huku, hupunguzana, na baada ya ghorofa tisa jengo litakuwa limetoka kama milimita 9. Ila binadamu ana mazoea. Fundi husimama upande uleule, huchungulia kwa jicho lilelile, na upepo wa alasiri humsukumia timazi kulekule. Hapo makosa hayapunguzani tena. Yanajumlishwa, na ghorofa ya tisa inakuwa imehama milimita 27. Wala hakuna atakayeliona kosa hilo kwa macho, kwa kuwa kila ghorofa inalingana vizuri kabisa na ile iliyo chini yake.

Ndiyo sababu mzee ana sheria moja asiyoivunja: kontro haitoki ghorofa ya tano kwenda ya sita. Inatoka ardhini kwenda ya tano, na kesho yake inatoka ardhini tena kwenda ya sita.

Kwa mwalimu tulitumia timazi, lakini si ile ya mfukoni. Ilikuwa ya kilo nane, imening'inizwa kwa waya mwembamba wa chuma kupitia tundu la mraba, sentimita 20 kwa 20, ambalo mzee alikuwa ameagiza liachwe katika kila slabu juu ya kila kontro. Nilipanda juu kuushika waya, yeye akabaki chini na ndoo ya oili chafu kutoka gereji ya jirani. Timazi ya urefu wa mita 12 haitulii upesi. Huchukua kama sekunde saba kwenda na kurudi, ikipunguza mwendo kwa uvivu, na kila mtu anayepita ngazini huianzisha upya. Ukiizamisha katika oili hutulia. Upepo nao uliingia madirishani yasiyo na vioo, tukaning'iniza magunia. Mzee alikuwa amelala kifudifudi kando ya ndoo, kioo cha kukuzia jichoni, akiniita: "Sogeza kwangu. Kidogo. Umezidi. Rudisha nusu." Nusu ya nini, hakusema. Nilijifunza kuusogeza waya kwa kuupumulia karibu.

Ncha ilipokaa juu ya tundu la shaba, nilichora alama mbili za msalaba kwenye ubao uliopigiliwa juu ya tundu la slabu, tukahamia kontro ya pili, kisha ya tatu. Baadaye tulipima kwa tepu ya chuma umbali kati ya alama za juu na kuulinganisha na ule wa chini. Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi. Pembetatu ya juu lazima iwe pembetatu ya chini. Ikitofautiana, mojawapo ya nukta imesema uongo, na unarudi kutafuta ni ipi.

Zilikubaliana. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mfuko wa saruji muda wote, akifuatilia kwa utulivu wa mtu aliyesimamia mitihani maisha yake yote. Aliuliza swali moja tu: kwa nini tusishushe timazi kutoka nje ya jengo, kwenye kona, tukamaliza mapema? Mzee akamwonyesha bendera ya plastiki kwenye nguzo ya umeme barabarani, jinsi ilivyokuwa ikicheza.

Tulikula githeri kwa mama mmoja mkabala na eneo la ujenzi. Mlinzi wa jengo, aliyekuwa na majani ya muguka shavuni, alinitahadharisha kwa uzito kwamba huko niendako watanipa miraa, nami nisikubali kudanganywa kuwa ni bora. Muguka unatoka Mbeere, chini kidogo ya hapo. Miraa inatoka Igembe, mbele ya Meru. Ushindani wao nimeuacha palepale.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru huzunguka mlima kwa upande wa mashariki, na kila mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya kuelekea Tana lazima uivuke. Unashuka, unavuka daraja, unapanda, unapita chai na migomba, unashuka tena. Runyenjes, kisha mto Thuci ambako Kaunti ya Embu inaishia na Tharaka Nithi inaanza, kisha Chuka. Baada ya Chuka mzee alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika, akazima na redio. Tulikuwa tunateremkia daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya thelathini wakafa, na halikuwa la kwanza. Mteremko ni mrefu, kona iko chini kabisa, na gari hufika likiwa limeshika kasi. Hatukusema kitu mpaka tulipopanda ng'ambo.

Kutoka Chogoria wingu lilifunguka kidogo na nikauona mlima kwa mara ya kwanza nikiwa karibu nao hivyo, vilele vya mawe na barafu kidogo. Hapo mzee akarudia mazungumzo ya asubuhi kana kwamba hayakukatika.

"Timazi huelekea wapi?"

"Chini," nikasema.

"Chini ni wapi?"

Huenda kila aliyesomea upimaji amewahi kusoma jambo hili darasani, lakini ni tofauti kulisikia ukiwa na mlima wa mita 5,199 dirishani. Timazi hufuata mvuto, na mlima nao una mvuto wake. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne, mnajimu wa mfalme wa Uingereza, alipanda Schiehallion huko Uskoti, mlima usiofika hata mita 1,100, akapima nyota kutoka upande wa kusini na upande wa kaskazini. Alikuta timazi za pande mbili zimevutwa kuelekea mlimani, jumla sekunde 11.6 za pembe. Sekunde ni sehemu ya 3,600 ya digrii. Huioni kwa jicho. Lakini ukitundika timazi mahali ilipoinamishwa, tuseme, sekunde 20, katika jengo la mita 30 hizo ni karibu milimita 3.

"Kwa hiyo majengo ya Meru yameinamia mlimani?" nikamuuliza, nusu kwa utani.

Alicheka. Hayajainama, alisema, kwa kuwa wima wa jengo ni ule wa timazi, si ule wa hesabu za dunia iliyonyooshwa kwenye karatasi. Uzito wa ukuta, maji ya tangi, kamba ya lifti, vyote vinamtii bwana mmoja. Taabu humpata anayechanganya: aliyepima chini kwa timazi na juu kwa setilaiti. Huyo atakuta nukta mbili zisizokubaliana, ataamini jengo limehama, kumbe ni wima wa aina mbili. Jambo hilo lilinikaa kichwani kuliko yote niliyosikia safarini, pengine kwa sababu nilikuwa nimemjibu asubuhi kwamba najua.

Ikweta inapita kusini kidogo ya mji wa Meru, nasi tukasimama penye bango lake kama wageni wengine. Kwa mpimaji pale pana kichekesho chake. Katika gridi tunayotumia Kenya, kanda ya 37, nusu ya kusini hupewa mita milioni 10 za bandia ikweta, ili hesabu zisiingie chini ya sifuri. Kaskazini ya kituo chetu cha Embu ilikuwa karibu mita 9,941,000. Ukivuka bango, hesabu inaanza upya kutoka sifuri, na mji wa Meru unasoma kama mita 5,000 tu. Mwendo wa saa mbili, na milioni zote zimekwisha.

Jengo halijali, na kwa sababu nzuri. Gridi hiyo imechorwa kwa ajili ya nchi, si kwa ajili ya nguzo. Meru iko kilomita 150 hivi magharibi ya mstari wa katikati wa kanda, tena juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mambo hayo mawili yakijumlishwa, mita 100 za ardhini husomeka pungufu kwa takriban milimita 36 kwenye gridi. Jengo la mita 40 likipangwa kwa namba za gridi bila marekebisho litakuwa refu kuliko ramani kwa zaidi ya sentimita moja, na vipande vya chuma vilivyokatwa Nairobi havitaingia. Ndiyo maana mzee huanza kila jengo na namba zake mwenyewe: kona moja huiita 1,000 kwa 1,000, na kutoka hapo mita ni mita.

Tulifika Meru giza limeingia. "Muga," mzee alimsalimu nyapara aliyetungojea langoni, naye akajibu "Muga, Baite," kisha akanitazama mimi na vyombo, akauliza kwa Kiswahili kama fundi wa kupanda juu anakuja kesho. Mzee akasema fundi ndiye huyu. Nyapara aliomba radhi kwa namna ya watu wa huko, yaani aliagiza chai.

Jengo lilipangiwa ghorofa tisa, na slabu ya sita ilikuwa imemwagwa. Mtu wa Nairobi anaweza kucheka kusikia nikiliita refu. Lakini huku, kati ya mtaa wa Makutano wa hapa Meru na soko la Gakoromone, mitaa inapanda juu kwa kasi, na mara nyingi majengo haya hupata mpimaji siku ya msingi tu. Kwangu hilo ni kosa la bajeti, si la ujuzi. Mwenye jengo hulipia marumaru za ukumbi bila kulalamika, kisha hubania ada ya asubuhi chache za upimaji. Hapa, kati ya slabu ya pili na ya nne, hakukuwa na mpimaji. Mzee alikuwa ameweka kontro nne chini na kuagiza matundu yaachwe. Matundu yaliachwa, lakini nguzo zilipangwa kwa kufuata zilizo chini yake.

Kulipopambazuka nilikuwa nikipanda ngazi za miti ya mkalatusi, helmeti ikigonga kila pao. Tulianza mapema kwa makusudi. Jua la ikweta hutoka wima na kwa pupa; likipiga ukuta wa mashariki, upande huo hutanuka na jengo huegemea kidogo upande mwingine, kama alizeti iliyokosea. Kwa ghorofa sita ni jambo dogo, kwa thelathini si dogo, na mzee hataki nijifunze tabia mbili. Baridi ya asubuhi pia hutuliza hewa ndani ya matundu. Hewa ya moto na ya baridi zikikutana humo, mwale wa mwanga hucheza.

Safari hii hatukutumia waya. Mzee alisimamisha juu ya kontro chombo kinachotazama juu tu, kilichotengenezwa Heerbrugg, Uswisi. Ndani yake kuna kipande kinachojiweka wima chenyewe kwa mvuto, na usahihi wake ni sehemu moja kwa laki mbili, yaani nusu milimita katika mita 100. Kilikuwa kimefungwa kichwa cha leza. Mimi juu nililaza kibamba cha plastiki angavu, chenye miraba iliyochorwa, juu ya tundu. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha doa jekundu likatokea katikati ya plastiki, likitoka ghorofa sita chini, limepita matundu sita bila kugusa ukingo.

Nilitaka kuweka alama palepale. "Usiguse," simu ikasema. Chombo chochote, hata cha Uswisi, kina upotofu wake mdogo, na doa moja haliwezi kukuambia upotofu huo. Unaweka alama, chombo kinageuzwa digrii 90, doa linahama kidogo, unaweka nyingine, mpaka zinatimia nne: 0, 90, 180, 270. Alama hizo nne hutoa mraba mdogo, na nukta ya kweli iko katikati yake, si kwenye alama yoyote kati ya hizo nne. Mraba wangu wa kwanza ulikuwa na upande wa milimita 2 hivi. Nilivuta mishazari, nikagonga msumari wa zege kwenye ubao uliofungwa imara ukingoni mwa tundu, tukahamia lingine.

Kontro zote nne zilipopanda, mzee naye akapanda, polepole, akipumzika kila ghorofa kwa kisingizio cha kukagua matundu. Tukaweka mashine ya kupimia pembe na umbali juu ya nukta ya kwanza, tukaielekeza kwa ya tatu, tukasoma. Chini umbali huo ulikuwa mita 18.434. Juu ulisomeka 18.432. Pembe zilikubaliana hali kadhalika. Milimita 2 ni halali, kwa sababu mhandisi alitupa 5. Kisha mzee akaelekeza mashine nje, kwenye alama aliyobandika zamani kwenye ukuta wa jengo la ng'ambo ya barabara. Hiyo ni shahidi wa nje: kontro zote nne zaweza kukubaliana zenyewe kwa zenyewe na bado jengo zima likawa limejipinda. Shahidi naye akakubali.

Ndipo tukapima nguzo. Zile za ghorofa ya kwanza zilikuwa mahali pake. Za pili zilikuwa zimeanza kutoka, na za nne zilikuwa milimita 19 mashariki ya mahali zilipotakiwa kuwa, zote, kwa utii wa kusikitisha, kila moja ikimfuata dada yake wa chini. Nyapara alikuja na timazi yake ya mfukoni, akaishusha kutoka nguzo ya nne hadi ya tatu, akatuonyesha kwamba ziko sawa. Alikuwa mkweli. Zilikuwa sawa. Hapakuwa na ghorofa hata moja aliyoiharibu peke yake.

Milimita 19 haiangushi jengo, na hilo niliambiwa kabla sijauliza. Aliyekuwa na haki ya kulalamika ni shimo la lifti. Reli za lifti hunyooka toka chini hadi juu bila kujali ukuta umekwenda wapi, na ukuta ukizisogelea mno, kuna watu watakuja na nyundo kupasua zege iliyolipiwa. Mhandisi alipigiwa simu, akatumiwa karatasi ya vipimo, na uamuzi wake ukawa kwamba slabu zinazofuata zifuate kontro mara moja badala ya kurudishwa kidogo kidogo, na hatua ndogo kwenye nguzo za nje imezwe na plasta. Kama ningekuwa mimi, ningeigawa kwa ghorofa mbili ili isionekane. Mzee alisema mawazo kama hayo ndiyo yaliyotufikisha mashariki.

Vimo tulivipandisha mwisho, kwa tepu ya chuma iliyoning'inizwa ndani ya shimo la lifti, imevutwa kwa uzito wa kilo tano, mashine ya kusawazisha ikiisoma chini, kisha nyingine ikiisoma juu kwa wakati mmoja. Tepu imesanifishwa kwa nyuzi 20. Asubuhi ile ilikuwa 14, na chuma cha mita 20 hupungua zaidi ya milimita moja kwa tofauti hiyo, kwa hiyo hata baridi iliyonitetemesha iliandikwa daftarini na kupigiwa hesabu. Mchana, jua likiwa limefika utosini, mafundi wakiwa wamevua masweta, vipimo vilevile vingehitaji hesabu nyingine.

Wakati wa chai niliuliza inakuwaje kwa majengo marefu kweli, ambayo hayatulii. Mzee alijua habari za Burj Khalifa wa Dubai, mita 828. Huko mnara wenyewe huyumba kwa upepo na jua, na leza kutoka chini haitoshi. Walifunga vipokezi vya setilaiti kileleni na vipimo vya mwinamo kwenye kuta za katikati, wakatafuta mahali mnara ungekuwa kama ungesimama tuli, na wakapima kutoka hapo. "Kwa hiyo setilaiti inafaa," nikamwambia. Akasema nikipata kazi ya mita 828 niibebe.

Kilichobaki kilikuwa matundu. Nyapara alikuwa na lalamiko la haki: mvua za Meru hazina mzaha, maji yalikuwa yakiingia kwenye slabu ya juu, yakishuka tundu kwa tundu, na kwa kuwa matundu yamepangana kama yalivyotakiwa, yalifika chini moja kwa moja hadi stoo ya saruji. Mifuko kadhaa ilikuwa imekuwa mawe. Alitaka kuyaziba matatu na kubakisha moja.

Mzee akachukua chaki. Ukiwa na tundu moja, alimweleza, una nukta lakini huna mwelekeo. Jengo laweza kuzunguka juu yake kama mlango. Ukiwa na mawili una mwelekeo, ila moja likidanganya hutajua ni lipi. Matatu ndipo unapopata ushahidi. La nne aliliweka siku ya msingi kwa tahadhari tu, kwa hiyo hilo la karibu na ngazi anaweza kulisamehe. Yaliyobaki yajengewe ukingo wa nusu tofali na kufunikwa kwa plaiwudi, na juu ya plaiwudi iandikwe kwa rangi nyekundu USIZIBE mpaka paa litakapofungwa.

Nyapara alifikiri kidogo, akasema rangi nyekundu ipo, ila ukingo hautazuia maji ya kusukumwa na upepo, na saruji ni ya mwenye jengo, si ya kontro. Wakabishana kwa Kimeru nisichokielewa, sauti zikipanda na kushuka, kisha nyapara akawaita vijana wawili. Tundu la karibu na ngazi likazibwa mchana uleule, na saruji ikahamishiwa kwenye chumba cha mlinzi, ambaye hakuulizwa.